Barua ya Dokta na Kola za Kwaya

Mtu akinisalimu siku hizi njiani na kuniuliza, "Mutoto iko namna gani?", namjibu tu, "Iko." Zamani ningesimama nimweleze. Sasa sina nguvu hizo. Nimemweleza mama mkwe, nimewaeleza walimu, nimewaeleza majirani tunaotumia nao bomba moja la maji, nimemweleza baba yake kwa simu inayokatika-katika kutoka Kilwa ya huku kwetu, kule ziwani, anakofanya kazi, mpaka mdomo wangu umechoka. Ila habari ya barua, ukiacha mtu mmoja, sijawahi kumweleza mtu, kwa aibu. Nimeona bora niiandike kabla sijaisahau, maana mimi kusahau ndiyo kazi yangu ya pili.

Kazi yangu ya kwanza ni kushona. Nina mashine moja ya kukanyaga kwa miguu, nimeiweka barazani, na umeme ukikatika Lubumbashi nzima yenyewe haijali. Nashona robe, yale magauni marefu ya arusi, blauzi za akina mama wa parokia, iniforomu za shule. Mikono yangu ni mizuri. Sijisifu, wenyewe wanasema. Lakini sina mteja hata mmoja aliyewahi kupata nguo yake siku niliyomwahidi. Naanza robe ya huyu, naona kitambaa cha yule, nakikata, halafu nakumbuka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nimeiacha motoni, nakimbia jikoni, narudi barazani nimeshika mwiko na mkasi sijui nimeuacha wapi. Siku moja nilikata kikwembe, kitenge chenye picha za ndege. Kipande cha mbele ndege wote wanatazama juu, cha nyuma wote vichwa chini. Mwenye nguo alilia. Mimi nikalia naye, halafu nikashikwa na kicheko, akaondoka bila kuniaga.

Wateja wananiita muongo. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, aliniita mvivu tangu nilipokuwa mdogo. Mvivu! Mimi ambaye sijawahi kukaa chini muda wa kumaliza sahani moja ya bukari, ugali wetu, bila kuinuka! Lakini ukiitwa jina miaka na miaka unaitika. Niliitika.

Basi mtoto wangu. Ni msichana, wa pekee, na mwaka ule alikuwa na miaka tisa, darasa la nne. Yule mtoto haongei, anamwaga. Anaanza habari ya paka anamalizia na habari ya mwezi, na katikati ameshapanda ukuta na kushuka. Muhula mmoja alipoteza kaye tatu za kuandikia, kalamu sijui ngapi, na kiatu kimoja.

"Mutu anapoteza kiatu kimoja namna gani?" nilimuuliza.

"Sijue, mama," akasema, naye akitazama mguu wake kwa mshangao. "Kilikuwa mu muguu."

Nilimchapa. Naandika hivyo bila kuzunguka. Nilimchapa kwa ajili ya kiatu, nilimchapa kwa ajili ya kaye, nilimchapa kwa kusimama simama kanisani. Kuna siku nilimchapa kwa ajili ya mkasi wangu mkubwa, ule wa kukatia nguo nzito. Nilikuwa nimeutafuta tangu asubuhi, na nani mwingine nyumbani mwetu anapoteza vitu kama si yeye? Alikuwa anasema kitu huku analia, sikumsikiliza. Kesho yake niliukuta ndani ya ndoo ya unga, na aliyeupima unga ni mimi. Niliufuta, nikautundika kwenye msumari wake, nikaendelea na kazi. Sikumwambia kitu.

Shule yake ni ya masera, watawa. Baba mkwe alikuwa mtu wa reli, alitoka kaskazini na mfuko mmoja, na watoto wake wote aliwapitisha kwenye shule ile. Kupata nafasi pale siyo mchezo. Kwa hiyo Masera mkuu wa shule aliponiita kabla ya likizo ya Pasaka, nilijua siendi kusifiwa.

"Mama," aliniambia, "mutoto iko na akili. Sisemi hapana. Lakini hawezi kukaa. Anasimama, anaenda ku dirisha, anajibu mbele mwalimu amalize kuuliza. Benzake banashindwa kusoma. Nimevumilia trimestri mbili. Kisha likizo ukuye hapa unionyeshe kama kuko kintu munafanya ku nyumba. Kama hakuna, utamutafutia masomo ingine." Yaani likizo ikiisha nirudi na jibu, la sivyo nitafute shule nyingine.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe, anayeishi nasi, ameshapata habari. Sijui habari katika mji huu zinatembea kwa miguu gani. Mama mkwe wangu ni Mkatoliki wa rozari kila siku, lakini alikuwa ameshaongea na mchungaji mmoja wa chumba cha maombi.

"Kuko kintu mu ule mutoto," alisema. "Siku tatu ya kufunga, bamuombee. Bakimufukuza ku masomo, miye siongoje tena. Namupeleka."

Mtoto wa miaka tisa, siku tatu bila kula, amezungukwa na watu wazima wanaopiga kelele juu ya kichwa chake. Ningependa kuandika kwamba niliruka juu nikakataa. Sikukataa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilijisikia kama mtu aliyepata wa kumsaidia mzigo, na hata nilitoa mfuko mdogo wa safari juu ya kabati, nikaupangusa vumbi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyetuokoa alikuja kunigombeza. Ni mteja wangu, muuguzi katika hospitali moja hapa mjini, upande wa magonjwa ya akili. Alifika mara ya tatu kwa blauzi ileile, na mara ya tatu haikuwa tayari. Nikamwambia, "Kaa kidogo, mama, naimaliza sasa hivi." Akavuta pumzi ndefu, akakaa kwenye benchi.

Alipokuwa anangoja, mtoto wangu alikuwa pembeni anafanya hesabu. Yaani anafanya hivi: mstari mmoja, anainuka, anazungusha gurudumu la mashine yangu, namfokea, anakaa, anaimba, anainuka tena. Nikachoka, nikamwaga mbele yake kopo la vifungo nikamwambia atenge rangi. Basi akatulia. Alitenga rangi, halafu ukubwa, halafu vyenye matundu mawili na vyenye manne, ulimi nje, hasikii hata akiitwa. Muuguzi alimtazama muda wote huo.

"Nani alikuambia kama huyu mutoto iko mubaya?" aliniuliza polepole.

"Bantu bote."

"Na weye?"

Nilikazana na tundu la kifungo.

"Umulete kule kwetu," akasema. "Kuko dokta anaangalia batoto ba vile."

Loo, nilivyowaka! "Kwa benye wazimu? Mutoto yangu?" Nilimtupia blauzi yake mikononi, kifungo kimoja bado, nikamwambia saa zinakwenda. Yeye akaikunja vizuri, akasema atakuja kuchukua kifungo siku nyingine, akaenda zake. Alikuwa na subira kuliko mimi, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Nilikaa na hasira hiyo siku tatu. Siku ya nne nilijifunga fulari ya kichwa mpaka kwenye nyusi, nikamshika mtoto mkono, nikaenda. Nilipita getini nikiangalia chini. Kumbe kwenye benchi la kungojea yuko mteja wangu mwingine na kijana wake, naye amejifunga fulari hivyohivyo mpaka kwenye nyusi. Tulisalimiana kwa macho. Mpaka leo hatujawahi kulitaja.

Dokta alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi. Aliongea na mtoto kwanza, muda mrefu, kuhusu paka na mwezi, na hakumwambia hata mara moja akae. Halafu akanigeukia mimi na karatasi ya maswali. Anapoteza vitu vyake? Ndiyo. Anaanza kazi anaiacha katikati? Ndiyo. Ukimwambia jambo, inakuwa kama hakusikia? Ndiyo, ndiyo. Anakata maneno ya wenzake? Hawezi kungoja zamu yake? Anasahau mambo ya kila siku? Anashindwa kujua aanze na kazi ipi?

Kalamu yake ikangoja juu ya karatasi.

"Dokta," nikasema, "unauliza juu yake ao juu yangu?"

Hakunicheka. "Mama, mara mingi hii kintu inatembea mu jamaa," alisema. "Mutu anakuyaka na mutoto, tunaanza kuongea, kisha naona biko babili."

Alinieleza. Kwa Kifaransa wana herufi nne za kuiita. Kwa Kiswahili alisema ni shida ya umakini na kutotulia: mtoto anasikia vyote kwa mara moja, mwalimu na nzi na mtu anayepita nje, na akili yake inachelewa kuchagua kipi ni cha kushika, inachelewa pia kumwambia mwili ngoja. Mtu anazaliwa nayo. Siyo roho mbaya, siyo ukaidi, siyo mama aliyeshindwa kulea. Ndiyo maana kwenye vifungo alitulia: kitu kikimvutia anazama, kisipomvutia hata akijilazimisha kinamponyoka. Wengine wanakua inapungua, wengine wanazeeka nayo na hawajui jina lake, wanaitwa wavivu tu. Aliposema neno hilo niliangalia pembeni.

Alisema kuna dawa, lakini hapa kwetu kuzipata ni kazi, na siyo lazima kuanzia huko. Tuanze na haya: umwambie jambo moja moja, fupi, huku anakutazama. Akae benchi la mbele, mbali na dirisha. Apewe sababu ya kuinuka, kama kufuta ubao au kuleta chaki. Akimaliza kitu asifiwe hapo hapo. Na asichapwe, maana anachapwa kwa kitu asichokifanya makusudi. "Na weye, mama," akaongeza, "utarudia siku yako, tuongee yako."

Kisha akaandika barua kwa Masera, ukurasa mmoja, karatasi ngumu nyeupe, akaigonga muhuri wa bluu. Akanipa kwa mikono miwili. "Usipoteze."

Nilitembea nikirudi nyumbani na hasira tupu. Watu watafikiri nilifurahi. Sikufurahi. Niliwaza mama yangu aliyekufa ananiita mvivu, niliwaza ndege waliopinduka vichwa chini, niliwaza mkasi. Mtoto alikuwa anarukaruka mbele yangu juu ya mfereji, nami sikuwa na pumzi ya kumwambia aache. Nilimwambia mama mkwe, "Kuko barua ya dokta. Ungoja Masera asome." Akasema sawa, atangoja mpaka Jumatatu. Kwa hiyo maisha ya mtoto wangu, shule na mengine yote, yalikuwa kwenye karatasi ile moja.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Washonaji wa hapa hatununui karatasi za kukatia mitindo. Tunakata patroni kwa karatasi ya mifuko ya saruji, kwa magazeti, kwa kalenda za mwaka uliopita, tunazitundika kwenye msumari. Za mikono na mgongo unaweza kutumia gazeti. Kola inataka karatasi ngumu, ili ukipitisha chaki mstari usiyumbe. Nami barua nilitaka kuiweka mahali ambapo mtoto hataigusa, wala mama mkwe hataigusa. Mahali pekee nyumbani mwetu pasipoguswa na mtu isipokuwa mimi ni lundo la karatasi zangu chini ya mashine. Nikaiweka hapo. Nilijiona mwerevu kabisa.

Jumapili ya mwisho wa likizo ilikuwa sikukuu ya parokia, na kwaya walikuwa wameniagiza kola kumi na mbili nyeupe za kuvaa juu ya robe zao. Jumamosi asubuhi nilikuwa sijakata hata moja. Nikaingiza mkono chini ya mashine bila kuangalia, nikatoa karatasi ngumu, nikaikunja mara mbili, maandishi yakabaki ndani, nikachora, nikakata. Siku hiyo nilishona kama mtu aliyepandisha pepo. Sikula, sikuinuka. Saa kumi jioni kola kumi na mbili zimepigwa pasi ya makaa, zimepangwa. Mara ya kwanza maishani namaliza kazi kwa wakati wake! Jumapili wakati wa misa sikumsikia padri neno hata moja, nilikuwa naangalia zile kola tu.

Jumatatu asubuhi, mtoto amevaa, tunataka kutoka, naingiza mkono chini ya mashine. Barua hakuna.

Nilipindua lundo lote. Nilipindua kabati. Nilipindua mfuko wa mabaki. Halafu, Mungu anisamehe, nikamgeukia yeye. "Umeweka wapi barua ya dokta?"

"Sikugusa, mama."

"Umeweka wapi!"

Hakulia. Alizungusha macho barazani, yale macho yanayoona vyote kwa mara moja, akanyoosha kidole kwenye msumari wa patroni. "Mama, ile kola iko na muhuri."

Nilitazama. Kola nzuri, imekatwa sawasawa, na nusu ya muhuri wa bluu ukingoni mwake. Nikakaa chini. Sote wawili tuliokota vipande, yeye chini ya benchi, mimi kwenye mfuko wa mabaki. Kipande cha tundu la shingo hatukukipata. Mama mkwe alikuwa amekiwashia mbabula, jiko la makaa, kwa ajili ya chai. Gundi hatuna. Nikaweka vipande chini ya sindano, nikavishona, mshono mrefu, uzi mweupe. Wakati mashine inakwenda alinishikia karatasi isiyumbe, na hakutikisika hata kidogo.

Masera alipokea barua ile kwenye meza yake, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akapitisha kidole kwenye mshono. Akainua tundu la shingo usawa wa jicho, nikamwona upande wa pili. Kisha akamtazama mtoto. Siyo mimi. Mtoto.

"Hata barua ya dokta," alisema kwa huzuni. "Hata ile amekata."

Nilinyamaza.

Nilikuwa na sababu zangu. Nilijiambia, akijua ni mimi atasema nyumba nzima ndiyo ilivyo, mama na mtoto, nani atamsaidia nani, waende. Niliwaza mfuko wa safari nilioupangusa vumbi. Sababu zipo kila wakati. Mtoto wangu akasogea hatua moja mbele, mikono nyuma, kama anayekariri somo alilolijua kwa moyo.

"Njo miye nilikata, Masera. Unisamehe."

"Hapana!" nikasema, kwa sauti kubwa mno, mpaka Masera akashtuka. "Njo miye. Yeye hakugusa. Njo miye nilikata, Masera, nilikata kola." Nikamwaga yote bila mpangilio: patroni, kwaya, maswali ya dokta yaliyonigeukia, ndege, ahadi zangu za uongo, chumba cha maombi. Nilimwambia yaliyokuwa yameandikwa kwenye kipande kilichoungua, moja moja, benchi la mbele, ubao, chaki. Nilimwambia dokta anasema tuko wawili. Mwishoni nilikuwa nalia na pua inatiririka, mtu mzima, na sina kitambaa.

Masera alikuwa bado anatazama mshono.

"Zile kola za kwaya jana," alisema, "njo hii?"

"Njo hii, Masera."

"Zilikuwa bizuri sana." Kona ya mdomo wake ikatikisika, akaizuia. Akaikunja barua, akaitia kwenye droo. "Bon. Atakaa mbele. Chaki, yeye njo atakuwa analeta. Tutaona mupaka mwisho wa mwaka. Na weye, mama, ulete karatasi ingine. Ya kutoshonwa."

Tulitoka ofisini mwake, tukafika ukumbini. Madirisha ya madarasa yalikuwa wazi, watoto wanaimba hesabu za kuzidisha. Nilipiga magoti mbele ya mtoto, nikamrekebishia ukosi wa blauzi ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Juu ya nini ulisema njo weye?"

Alinitazama kama nimeuliza swali la mtoto mdogo. "Mama, kila siku njo miye."

Akakimbia zake kwenda darasani, na mfuko wake wa vitabu akausahau mikononi mwangu. Nilibaki nimepiga magoti pale kwenye sakafu ya masera sijui muda gani. Halafu nikainuka, nikaenda mpaka mlango wa darasa lake, nikamwita mbele ya mwalimu wake na wenzake wote.

"Siku ile ya mukasi," nikamwambia, "njo miye niliutia mu unga."

"Najua, mama," alisema. "Nilikuambia. Haukunisikia."

Akachukua mfuko wake, akaenda kukaa benchi la mbele.